Maua ya kuchanua kipupwe (Juni–Agosti) Mafinga: mshubiri, poinsetia, pirostejia au maua ya msimu?

Nyumba_ya_Kona

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba tulinganishe. Mahali ni Mafinga mjini, mwinuko wa mita 1,900 hivi. Ua unapendeza kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zikiwepo. Ikifika Juni panabaki nyasi za kahawia na vijiti. Nahitaji rangi katika ile miezi mitatu ya baridi.

Nafasi iliyopo: ukanda wa mita 9 kwa 1.5 mbele ya nyumba, unatazama kaskazini, wazi kabisa. Ukanda wa pili mita 6 kwa 1, nyuma, umeegemea ukuta wa matofali wa mita 3 kwa upande wa kusini. Uzio wa waya upande wa magharibi, mita 12. Pembeni mwa geti kuna nguzo ya taa ya barabarani. Maji ni ya bomba kwa mgawo, na tenki la lita 1,000 linalohudumia nyumba nzima.

Ninaofikiria: mshubiri, poinsetia, pirostejia (ule mtambaa wa rangi ya chungwa, *Pyrostegia venusta*), au maua ya msimu kama pansi, antirinamu na kalendula. Sasa ni Januari, muda bado upo. Nianze na upi, niache upi?

FundiKitalu

Karibu mkuu. Kabla ya kuangalia uzuri wa ua, angalia kinachouamsha mmea uchanue. Hao wanne uliowataja wanaamshwa na vitu tofauti, kwa hiyo ushauri wa jumla hautakusaidia.

Poinsetia inafuata urefu wa usiku. Giza likifika takriban saa 12 mfululizo, ncha zinaacha kutoa majani ya kijani na kuanza kutoa yale mekundu. (Ua lenyewe ni vile vidonge vya njano katikati, wekundu wote ni majani.) Kwenu siku fupi ya Juni na siku ndefu ya Desemba hazipishani hata saa nzima, lakini tofauti hiyo inatosha. Tangu ncha igeuke hadi rangi ikomae ni wiki 8 hadi 10.

Mshubiri unaofaa ni *Aloe arborescens*, ule wenye matawi mengi unaopandwa kama uzio. Unanenepa wakati wa mvua, kisha Juni na Julai unatoa mikuki ya maua mekundu yanayoelekea chungwa.

Pirostejia inachanua kwenye ncha za matawi yaliyoota msimu huo huo wa mvua. Maana yake mkasi ukipita Machi, umekata maua ya Julai. Hili ndilo kosa linaloongoza: uzio unapogolewa mvua zikiisha ili "upendeze", halafu watu wanasema mmea ni dume.

Maua ya msimu yenyewe yanahesabu wiki tangu kusia mbegu. Baridi kiasi yanaipenda. Joto ndilo linayachosha. Kwa hiyo tarehe ya kusia ndiyo inayoamua tarehe ya kuchanua.

Kwa kifupi, kwa eneo lako:

– Mshubiri: maji karibu hakuna, jalidi (umande unaoganda) ikiwa nyepesi unastahimili, lakini ukipanda sasa tegemea maua mwaka ujao.
– Poinsetia: maji kiasi, jalidi haiwezi kabisa, rangi mwaka huu huu ukipanda kipande kizuri.
– Pirostejia: maji kiasi mwaka wa kwanza tu, inahitaji kitu imara cha kupanda, maua ya kuonekana ni mwaka wa pili.
– Maua ya msimu: rangi mwaka huu kwa uhakika, ila maji kila wiki na kazi kila mwaka.

MamaMiche

Nakubaliana na Fundi, ila pale kwenye "maji kila wiki" watu wanaogopa bila kupiga hesabu, ngoja niweke takwimu.

Usijaze ukanda wote wa mbele. Chukua mita 4 za mraba karibu na mlango, pale mgeni anapopita. Samadi iliyooza debe moja la lita 20 kwa kila mita ya mraba, ichanganywe kwenye kina cha sentimita 20. Pansi nafasi ya sentimita 20 kila upande, miche 25 kwa mita ya mraba. Antirinamu sentimita 25, kalendula 30. Kwa mita zako 4, miche 60 hadi 80 ya mchanganyiko inajaza.

Kusia:

Pansi ndiyo ngumu kuota. Udongo wa trei uwe sehemu 2 za udongo wa juu, 1 ya mchanga, 1 ya mboji iliyochekechwa. Mbegu ifunikwe milimita 3 hadi 5 na trei iwekwe gizani, chini ya gunia lenye unyevu. Joto likipita nyuzi 25 mbegu nyingi zinagoma, kwa hiyo trei isikae chini ya bati. Zinaota siku ya 10 hadi 14. Ukiona kichwa cha kwanza, toa gunia siku hiyo hiyo, maana miche ikirefuka gizani haiponi tena. Hadi ua la kwanza ni wiki 12 hadi 14.

Antirinamu ni kinyume chake. Mbegu ni vumbi tupu, haifunikwi, inahitaji mwanga. Changanya na mchanga mkavu ili usiimwage sehemu moja, bonyeza kwa ubao, nyunyiza kwa chupa ya ukungu. Mche ukifika sentimita 8 hadi 10, kata ncha. Usipokata unapata shina moja, ua moja, basi.

Kalendula hata mtoto anaisia: moja kwa moja kitaluni, kina cha sentimita 1, inaota ndani ya wiki moja hadi mbili, inachanua miezi miwili baadaye. Ukitaka kitu cha kujaza pembezoni ongeza alisamu nyeupe, wiki 6 hadi 8 inachanua.

Ugonjwa unaoua miche ni kinyausi: shina linanywea usawa wa udongo na mche unalala. Chanzo ni msongamano na kumwagilia jioni. Sia kwa mistari ya sentimita 5, mwagilia asubuhi tu, na usitumie tena udongo wa trei ya mwaka jana.

MzeeWaMboji

Mama Miche, ya kuotesha umeyaeleza vizuri, ila hesabu ya maji umeiruka. Bustani ya maua ya msimu inataka milimita 25 za maji kwa wiki kipindi cha ukavu, yaani lita 25 kwa mita ya mraba. Kwa ukanda wote wa mbele, mita 13.5 za mraba, hizo ni lita 337: ndoo 17 za lita 20 kila wiki. Kuanzia Mei mpaka Agosti, kwa tenki la lita 1,000 linalopikiwa na kufuliwa. Mgawo ukiruka mara moja, pansi zimelala.

Mshubiri haukudai kitu. Kata matawi yenye urefu wa sentimita 30, ondoa majani ya chini, yaache kivulini siku 7 hadi 10 mpaka jeraha likauke kabisa. Ukipanda jeraha likiwa bichi, linaoza, na utajua baada ya wiki tatu unapolivuta likatoka na harufu. Fukia sentimita 10, nafasi ya sentimita 90 kati ya mche na mche, miche 10 inamaliza mita 9. Usimwagilie wiki ya kwanza. Baada ya hapo kila wiki mbili hadi ushike, na kipupwe kinachofuata huna kazi nayo.

Samadi usiweke, au weka kidogo sana. Mshubiri ulioshiba naitrojeni unatoa majani laini, maua machache, na jalidi ikija unaungua wa kwanza.

Kitu kimoja cha kuangalia: uvimbe wenye matuta kama koliflawa kwenye majani au kwenye shina la ua. Huo ni utitiri wa mshubiri, mdogo mno, huuoni kwa macho. Dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa sababu amejificha ndani ya uvimbe. Kata sehemu yote pamoja na sentimita kadhaa za nyama nzima, choma moto, osha kisu kwa spiriti kabla ya kugusa mche mwingine. Usitupe mabaki kwenye mboji.

Na ndege aina ya chozi watakuja wenyewe. Mshubiri ukiwa na mikuki 20 Julai, asubuhi hukosi ndege hao.

MamaMiche

Mzee shikamoo. Sikusema ajaze ukanda wote, nimesema mita 4 za mraba. Na hizo lita 25 ni za kipindi cha joto na upepo, Septemba na Oktoba. Juni Mafinga mchana hauna joto la kukausha hivyo, na ukiweka matandazo ya nyasi kavu sentimita 5 hitaji linashuka hadi lita 15 kwa mita. Mara 4 ni lita 60. Ndoo tatu kwa wiki, gawanya mara mbili. Maji ya kuoshea mboga peke yake yanakaribia hapo.

MzeeWaMboji

Marahaba. Kwa mita 4 sina ubishi. Ila matandazo yasiguse shina la mche, koa wanalala humo na usiku wanamaliza pansi.

Nyumba_ya_Kona

Asanteni sana. Kuna jambo linanichanganya. Ule ukanda wa nyuma, Desemba unachanua kuliko hata wa mbele. Kufika Juni, mimea ile ile ipo lakini haitoi hata ua moja. Udongo ni ule ule na maji yale yale. Pia jirani wa upande wa geti ana poinsetia ambayo nusu inakuwa nyekundu na nusu inabaki kijani Julai nzima. Ni ugonjwa?

FundiKitalu

Si ugonjwa, yote mawili ni mambo ya mwanga.

Ukanda wa nyuma kwanza. Mafinga iko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 8. Mwezi Juni jua linachomoza kaskazini-mashariki na kuzama kaskazini-magharibi. Siku nzima haligeuki kwenda kusini hata kidogo. Saa sita mchana liko nyuzi 58 hivi juu ya upeo, upande wa kaskazini. Ukuta wa mita 3 kwa pembe hiyo unatupa kivuli cha mita 1.8 kuelekea kusini. Ukanda wako una upana wa mita 1, kwa hiyo wote umo kivulini tangu asubuhi mpaka jioni, labda pembe zake mbili tu zipate jua kidogo. Desemba jua linahamia kusini, na ukanda ule ule unapigwa jua waziwazi. Watu wengi wanapima jua la bustani Desemba wakiwa likizo, halafu wanapanda kwa ajili ya Juni. Pima Juni, au piga hesabu.

Kwa hiyo nyuma usipande chochote kati ya vile vinne. Mshubiri utachipua majani tu, kalendula itarefuka na kuanguka.

Poinsetia ya jirani inamulikwa na taa ya barabarani. Upande unaotazama taa haupati giza kamili, kwa hiyo matawi yake yanadhani bado ni Desemba. Mwanga hafifu tu unatosha kuharibu. Taa ya varanda inayowashwa usiku kucha inafanya vilevile. Kwako, poinsetia iende upande ambao nyumba inaikinga na taa. Mshubiri haujali taa, huo ndio uwekwe karibu na geti.

Limuru_Baridi

Salamu kutoka Kenya, wadau. Nichangie kuhusu pirostejia, maana huku Limuru na Nairobi ndiyo inayofunika nyua za watu kuanzia Julai.

Kwanza, tofauti ya hali ya hewa. Nairobi iko karibu sana na ikweta, tofauti ya urefu wa siku mwaka mzima ni kama dakika 10 tu. Poinsetia huku haina msimu unaoeleweka kama kwenu. Na baridi yetu ya Juni mpaka Agosti ni ya mawingu, si ya jua kavu, kwa hiyo pansi huku zinaoza maua kwa ukungu wa kijivu zikisongamana. Nyinyi mna jua la kipupwe, mshukuru.

Sasa pirostejia. Uzio wako wa waya wa mita 12, miche 4 inatosha, nafasi ya mita 3. Wengi hupanda 10 na baada ya miaka mitatu hawaoni waya wala lango. Inashika kwa vikonyo vyenye ncha tatu na inapanda zaidi ya mita 10 ikipata mti. Isipande karibu na paa: inaingia chini ya vigae au mabati, inainua, na majani makavu yanaziba mfereji wa maji ya mvua. Nguzo za uzio ziwe za zege au za mti uliotiwa dawa. Nguzo ya mlonge itaanguka na mzigo wote.

Kupogoa ni mara moja kwa mwaka, maua yanapoisha, Septemba. Kata matawi yaliyochanua yabaki macho mawili au matatu. Kuanzia Januari funga tu matawi yanayolegea, usikate. Mbolea ya CAN au samadi nyingi inakupa kijani kitupu. Majivu kidogo ya kuni na mboji vinatosha.

Vipande: matawi yaliyokomaa nusu, sentimita 10 hadi 15, yenye vifundo viwili, kipindi cha joto. Sasa Januari ni wakati mzuri. Usiviache vikauke juani; vifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako hadi vishike.

Kilele2600

Kwa nini tuhangaike na mimea ya kigeni? Uwanda wa Kitulo uko huku huku Nyanda za Juu Kusini, maua yamejaa, watu wanaita Bustani ya Mungu. Chukua yale yaliyozoea baridi, uyapande Mafinga.

FundiKitalu

Ndugu, hapo kuna matatizo mawili. La kwanza, Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kuchimba mmea humo ni kosa. La pili ndilo linalohusu mada: maua ya Kitulo yanachanua kipindi cha mvua, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili. Kipupwe uwanda ule ni nyasi kavu na jalidi. Mmea uliozoea baridi kali mara nyingi umezoea *kulala* baridi ikija. Mwenye mada anataka unaoamka.

Na hata mishubiri ya porini msiichimbe. Karibu jamii zote za Aloe ziko kwenye mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini. *Aloe arborescens* inapatikana kwenye uzio wa watu, omba tawi moja tu, linatosha.

MamaMiche

Tusisahau ukanda wa nyuma, Fundi amesema asichopande, hajasema cha kupanda.

Kivuli kisicho na jalidi, kimeegemea ukuta: hapo ni klivia (*Clivia miniata*). Majani mapana ya kijani kilichokoza, maua ya chungwa yanayotoka mwisho wa Agosti hadi Septemba. Faida yake kwako ni kwamba inahitaji kukauka na kupata baridi Juni na Julai ndipo itoe shina la ua. Mwagilia mara moja kwa wiki tatu tu miezi hiyo. Ukiona shina la ua limechomoza katikati ya majani, ongeza maji. Ukimwagilia mapema, ua linachanuka likiwa bado limebanwa chini ya majani, halionekani.

Gawa mafungu yenye majani 8 au zaidi kila moja, nafasi ya sentimita 40. Shingo ya mmea ibaki juu ya udongo, ikifukiwa inaoza. Haipendi kuhamishwa, mwaka wa kwanza huwa inanuna.

Mbadala ni kala nyeupe (*Zantedeschia aethiopica*), lakini ile inataka unyevu muda wote. Kama kuna bomba la maji ya kuogea linaishia nyuma, kala inapafaa. Kama hakuna, klivia. Tena kala msiipeleke vinyunguni (bustani za bondeni). Ikishika bondeni kuitoa ni vita, kila kipande cha shina la chini kinachipua.

Kwa rangi ya mwaka huu huu kivulini, primula ndogo (*Primula malacoides*) inastahimili, isiwe giza tu. Mbegu yake isifunikwe.

Maskati77

Wadau, kwa wale tulio Oman kalenda inageuka. Maskati "baridi" ni Novemba hadi Machi, na ndiyo msimu pekee wa petunia, kalendula na alisamu. Tunasia Septemba mwishoni ndani ya kivuli, tunahamishia nje Novemba. Mshubiri hapa jua la kiangazi linaubabua ukiwa wazi kabisa, tunaupa kivuli cha mchana. Hesabu ya wiki alizotoa Mama Miche inafuatwa vilevile, ila maji hapa hata msimu wa baridi ni kila siku moja baada ya nyingine.

Nyumba_ya_Kona

Swali la jalidi. Mafinga haishuki kila usiku, lakini Julai kuna asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Mnafunika na nini? Nina karatasi za nailoni zilizobaki kwenye ujenzi.

MzeeWaMboji

Nailoni acha. Ikigusa jani, jani linaungua pale pale ilipogusa, kwa sababu haizuii baridi kupita. Na ukiisahau asubuhi, jua la saa tatu linapika mmea ndani.

Jalidi inashuka usiku mweupe usio na mawingu wala upepo. Hewa baridi ni nzito, inateremka na kutuama sehemu za chini, ndiyo maana bonde linaungua na mlima unapona. Joto la hewa kwenye usawa wa kifua likiwa nyuzi 3 au 4, chini kwenye nyasi tayari ni sifuri. Kwa hiyo usingoje kipimajoto kionyeshe sifuri.

Cha kufanya: saa tisa alasiri mwagilia udongo, si majani. Udongo wenye unyevu unahifadhi joto la mchana kuliko mkavu. Saa kumi na mbili jioni funika kwa gunia la katani au shuka kuukuu juu ya vijiti vinne, kitambaa kifike mpaka chini ardhini pande zote. Joto linatoka kwenye udongo. Ukifunga kitambaa kwenye shina umelizuia lisiingie. Funua saa mbili asubuhi.

Kilichoungua usikate mara moja. Majani yaliyokufa yanakinga machipukizi ya chini kwa usiku unaofuata. Kata mwanzoni mwa Septemba.

Limuru_Baridi

Naongeza: poinsetia ikiegemea ukuta wa matofali unaotazama kaskazini, ukuta unapata joto mchana na kulitoa usiku. Sentimita 60 kutoka ukutani. Huo ndio ulinzi wa bei rahisi kuliko wote.

Kilele2600

Na kamelia? Chai inastawi Mufindi, na kamelia ni ndugu yake.

FundiKitalu

Kweli, jenasi ni moja, na zote zinataka udongo wenye asidi; kamelia ni pH 5 hadi 6.5. Udongo unaostawisha chai unaifaa. Lakini inakua polepole, vitumba vinadondoka udongo ukikauka miezi ya kujenga vitumba, na si kila kitalu kinayo. Kwa mtu mwenye maji ya mgawo siishauri.

Nyumba_ya_Kona

Nimeelewa. Mpango wangu uko hivi, nikosoeni:

Mbele, mita 4 za mraba karibu na mlango ni pansi, antirinamu na kalendula, nasia zote Aprili mwanzoni. Mshubiri miche 4 upande wa geti chini ya taa. Poinsetia 3 ukutani upande wa kaskazini, mbali na taa, nakata vipande mwezi Machi. Pirostejia 4 kwenye uzio wa magharibi. Nyuma klivia, nianze na mafungu 8.

MamaMiche

Mbegu usisie siku moja. Pansi na antirinamu sia kati ya tarehe 5 na 15 Machi, wiki 12 hadi 14 zinakufikisha Juni. Ukisia Aprili, unapata ua la kwanza Julai katikati. Kalendula ngoja katikati ya Aprili. Ukiiwahisha inachanua Mei, na kufika Julai imechoka na imejaa ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga kwenye majani). Ubwiri ukianza, magadi ya kuokea gramu 5 kwa lita moja ya maji na matone machache ya sabuni ya maji, nyunyiza asubuhi kila wiki. Inazuia usisambae, haiponyi jani lililokwisha kuugua, hilo liondoe. Alisamu mwisho wa Aprili.

Na maua yaliyonyauka yakatwe kila siku nne au tano. Kalendula ikishakomaza mbegu inaona kazi imekwisha.

MzeeWaMboji

Mshubiri chini ya taa sawa. Hakikisha maji ya paa hayatui hapo mvua zikinyesha; kama yanatua, inua tuta la sentimita 20 lenye mchanga mwingi na kokoto.

FundiKitalu

Hapo kwenye poinsetia, Machi umechelewa. Kata vipande wiki hii: sentimita 15 hadi 20, vichovye ncha kwenye maji mpaka utomvu mweupe uache kutoka, viache kivulini siku moja, ndipo uvipande kwenye mifuko. Utomvu ukigusa jicho unachoma vibaya, osha mikono kabla ya kushika kitu kingine. Vinaota mizizi ndani ya wiki 4. Mwisho wa Februari kata ncha ya kila mche mara moja ili upate matawi matatu au manne, na baada ya katikati ya Machi usiuguse tena kwa mkasi. Kuanzia hapo mbolea ya NPK 17-17-17 kijiko kimoja cha chakula kwa kila mche mara moja kwa mwezi, hadi Mei, kisha acha.